Kusimamia taka za mionzi Tanzania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wanafunzi wa fizikia wanaotafuta kazi, wasimamizi wa stoo za hospitali, wakandarasi wa barabara, wanunuzi wa vyuma chakavu, na wazazi wenye wasiwasi na ajira za watoto wao. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine. Mifano mingi ni ya Tanzania, ambako mdhibiti ni Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC), iliyo chini ya Sheria Na. 7 ya 2003 na yenye ofisi Njiro, Arusha. Msomaji wa Kenya atakuta misingi ni ileile, ila huko mdhibiti ni KNRA, mamlaka ya kudhibiti nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya 2019, na kituo cha kushughulikia taka kiko Oloolua, pembeni mwa Nairobi.

## Mambo ya msingi

1. Tanzania haina kinu cha nyuklia cha kuzalisha umeme. Taka za mionzi zinatoka wapi?

Zinatoka mahali ambapo watu hupita kila siku bila kujua. Hospitali zinazotibu saratani, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road, hutumia vyanzo vya mionzi na dawa zenye mionzi. Viwanda vya vinywaji na vya saruji huweka vipimo vya mionzi ili kujua kama chupa imejaa au malighafi imefika kiwango fulani ndani ya tangi. Mkandarasi wa barabara ana kile kisanduku cha kupimia mshindilio na unyevu wa udongo. Ndani yake mara nyingi mna sesiamu-137 na amerisiamu-241 iliyochanganywa na beriliamu. Mafundi wanaopiga picha viungo vya mabomba kutafuta nyufa hutumia iridiamu-192. Vyuo na maabara za utafiti navyo vina vyake.

Kitu huwa taka pale mwenye nacho anapokuwa hana tena kazi nacho, huku kikiwa bado na mionzi inayozidi kiwango alichoweka mdhibiti. Kisanduku cha udongo kilicholala stoo tangu mradi uishe kinaweza kuwa bado mali kwenye vitabu vya mhasibu. Kwetu sisi tunaosimamia taka za mionzi tayari ni chanzo kisichotumika, na hivyo ndivyo vinavyotunyima usingizi, kwa sababu kitu kisichotumika husahaulika.

2. Mashine ya eksirei iliyokufa ni taka ya mionzi?

Hapana. Mionzi ya eksirei hutengenezwa kwa umeme. Ukikata umeme hakuna mionzi, wala haibaki ndani ya mashine. Hivyo hivyo kwa mashine ya kupiga picha ya CT. Bado unatakiwa kumjulisha mdhibiti kwamba umeiondoa, maana iko kwenye leseni yako, na madini ya risasi na mafuta yaliyomo yana utaratibu wake wa kimazingira.

Linaki (mashine za tiba ya saratani zinazotengeneza miale kwa umeme) zenye nishati kubwa zinahitaji tahadhari kidogo. Baadhi ya vipande vya chuma vilivyo karibu na kichwa cha mashine vinaweza kuwa vimepata mionzi, kwa hiyo hupimwa kabla ya kuachiwa kwenda kwa wauza vyuma.

3. Mtu aliyepigwa na mionzi anaweza kuniambukiza?

Kuna mambo mawili yanayochanganywa kila siku. La kwanza ni kupigwa na mionzi kutoka kwenye chanzo kilicho nje ya mwili. La pili ni kuchafuliwa, yaani vumbi, kimiminika au mvuke wenye mionzi kukaa kwenye ngozi, kwenye nguo au kuingia mwilini. Aliyekaa karibu na moto amepata joto lakini hana cha kukugawia. Aliyeshika masizi anayaacha kila anapogusa.

Mgonjwa aliyetibiwa kwa mashine ya kobalti-60 hana mionzi anapotoka chumbani. Mgonjwa aliyemeza iodini-131 anayo kwa siku kadhaa (tazama swali la 11). Tofauti hii ndiyo inayotuongoza katika kupanga kila kazi: chanzo kilichofungwa ndani ya kapsuli nzima tunakiogopa kwa miale yake, kapsuli ikipasuka tunaogopa na vumbi.

4. Nusu-maisha ni nini, na kwa nini kila mtaalamu anaitaja?

Ni muda ambao nusu ya kiasi kilichopo inakuwa imeoza, yaani atomu zake zimetoa mionzi na kugeuka kitu kingine. Teknetiamu-99m ya kupigia picha mifupa ina nusu-maisha ya saa 6. Iodini-131 ni siku 8. Iridiamu-192 ni siku 74, kobalti-60 ni miaka 5.27, sesiamu-137 ni miaka 30, amerisiamu-241 ni miaka 432, na radiamu-226 iliyotumika katika tiba za zamani ni miaka 1,600.

Ukizijua namba hizo umeshajua nusu ya kazi yetu. Zikipita nusu-maisha kumi, kinachobaki ni sehemu moja katika 1,024. Kwa teknetiamu hiyo ni siku mbili na nusu, unasubiri tu. Kwa sesiamu ni miaka 300, na hapo inabidi uulize nani atakuwa anashika funguo za stoo. Kwa amerisiamu hakuna serikali wala taasisi duniani iliyowahi kudumu muda unaotakiwa.

## Kazi yenyewe

5. Mtaalamu wa kinga ya mionzi anayeshughulika na taka anafanya nini siku nzima?

Watu hutarajia mavazi meupe na vinyago. Sehemu kubwa ni daftari. Kila chanzo kina namba yake, kiini chake (aina ya atomu zenye mionzi, kama sesiamu-137), nguvu yake siku kilipotengenezwa, jina la mtengenezaji, mahali kilipo leo na jina la anayewajibika nacho. Tunalinganisha rejista na kilichopo stooni, kwa macho na kwa kifaa. Rejista ikisema visanduku vitano na rafu ina vinne, shughuli nyingine zote zinasimama mpaka cha tano kipatikane au ijulikane kimekwenda wapi.

Kisha kuna vipimo. Tunapima kiwango cha mionzi kwenye uso wa chombo, umbali wa mita moja, mlangoni, na kwenye ukuta wa upande wa pili, maana huko kunaweza kuwa na ofisi ya mtu. Tunafanya jaribio la uvujaji: unafuta uso wa kifaa kwa kipande cha karatasi maalumu au pamba, unakipima maabara, na kikizidi takriban bekereli 200 (bekereli moja ni atomu moja inayooza kila sekunde) unachukulia kwamba kapsuli inavuja. Kwa chanzo chenye nguvu hugusi kapsuli yenyewe. Unafuta sehemu ya nje ambako uchafu ungejikusanya.

Siku za kuhamisha chanzo ni chache, na hutanguliwa na maandalizi marefu. Tunafanya mazoezi kwa kapsuli tupu mpaka kila mmoja ajue mkono wake unakwenda wapi. Tunakadiria dozi ya mionzi ya kila mtu kabla, na baada ya kazi tunalinganisha na kilichosomwa kwenye beji ya kupimia mionzi anayoivaa. Zikitofautiana sana, hata kama dozi ni ndogo, tunataka kujua kwa nini.

Sehemu inayochosha kuliko zote ni kuzungumza na watu. Unamweleza meneja kwamba kile kisanduku cha kona hakiwezi kusubiri bajeti ya mwaka kesho. Unafundisha zimamoto na polisi alama za mionzi. Unamshawishi msimamizi wa stoo anayestaafu akabidhi kwa maandishi, kwa sababu akiondoka na kumbukumbu kichwani, amezichukua zote.

6. Nisome nini?

Wengi huanza na shahada ya fizikia, kemia, uhandisi au sayansi ya mazingira, kwa hiyo kidato cha sita michepuo yenye fizikia na hesabu inakufungulia mlango. Baada ya ajira kuna kozi ya uzamili ya kinga ya mionzi inayoandaliwa kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA). Afrika hutolewa Ghana kwa Kiingereza, na Morocco na Algeria kwa Kifaransa. Mafundi sanifu wanahitajika vilevile: wa vifaa vya elektroniki, wa kuchomelea, madereva wenye mafunzo ya mizigo hatarishi.

Nikiulizwa natafuta nini kwa kijana mpya, hesabu zinafundishika. Natafuta anayeandika namba alivyoiona, si alivyoitarajia, na anayethubutu kumwambia mkubwa wake "simamisha kazi".

7. Kazi hii haitanipa saratani au kunifanya tasa?

Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 (milisiveti ni kipimo cha dozi ya mionzi mwilini) kwa mwaka katika miaka mitano, bila kuvuka 50 katika mwaka wowote. Kwa mwananchi wa kawaida ni 1. Hivyo ni vikomo, na sisi tunalenga kukaa chini yake sana. Makadirio ya kimataifa yanaweka ongezeko la hatari ya saratani kwa karibu asilimia 5 kwa kila milisiveti 1,000. Kwa milisiveti 20 hiyo ni takriban asilimia 0.1. Si sifuri, na asikudanganye mtu kuwa ni sifuri. Utasa wa muda kwa mwanamume huanza kuonekana kwenye dozi ya mara moja ya takriban 150 kwenye korodani, na wa kudumu ni maelfu. Kazi inayofuata taratibu haikufikishi huko.

Ulinzi wako ni muda, umbali na kinga (kizuizi kama risasi kati yako na chanzo), na umbali ndio watu wanaoudharau. Chukua chanzo kinachotoa milisiveti 1 kwa saa ukiwa mita moja. Ukirudi mita mbili inakuwa 0.25. Ukisogea hadi sentimita 10 inakuwa 100 kwa saa, na ukikishika kwa vidole hesabu haina maana tena, unaunguza mkono. Ndiyo maana koleo refu lina thamani kuliko aproni yoyote. Aproni ya risasi ya chumba cha eksirei haisaidii chochote cha maana mbele ya kobalti-60, ambayo huhitaji karibu milimita 12 za risasi kupunguza miale kwa nusu tu. Nimeona watu wakijiamini kwa sababu wamevaa aproni, na hilo linanitia hofu kuliko mtu asiyevaa kitu akasimama mbali.

8. Nikipata ujauzito nitafukuzwa?

Hapana, na usifiche. Toa taarifa mapema kwa maandishi. Kuanzia hapo mtoto aliye tumboni hulindwa kama mwananchi wa kawaida, yaani mwajiri anapaswa kupanga kazi ili asipate zaidi ya milisiveti 1 kwa muda uliobaki. Kwa kawaida unaondolewa kwenye kazi za kufungua vifurushi na za dharura na unabaki kwenye rejista, mafunzo na maabara. Anayenyonyesha naye haguswi na kazi zenye uwezekano wa kuchafuliwa ndani ya mwili.

9. Afisa usalama wa mionzi wa kiwanda na mkaguzi wa Tume wana tofauti gani?

Afisa ameajiriwa na mwenye leseni na yupo hapo kila siku. Mkaguzi anakuja kwa mamlaka ya sheria, anaweza kufunga kazi, lakini hawezi kukufanyia kazi yako. Wajibu wa chanzo hauhami: ni wa mwenye leseni mpaka karatasi ya makabidhiano isainiwe.

## Taka za hospitali

10. Glovu, sindano na shuka zenye iodini-131 hutupwaje?

Hazitupwi mara moja, zinasubiri. Kila mfuko unaandikwa kiini, tarehe na kiwango kilichopimwa, kisha unakaa kwenye chumba kilichofungwa. Baada ya nusu-maisha kumi, yaani siku 80, unapimwa mahali pasipo na mionzi mingine. Ukilingana na mionzi ya kawaida ya mazingira, unaruhusiwa kutoka kama taka nyingine za hospitali. Kumbuka bado ni taka za hospitali: sindano haijaacha kuwa sindano.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kuchanganya teknetiamu na iodini kwenye mfuko mmoja. Mfuko ambao ungetoka baada ya siku tatu sasa unasubiri karibu miezi mitatu, na chumba kinajaa. Tenganisha pale pale taka inapozaliwa, kwa mfuko tofauti kwa kila kiini. La pili ni kusahau kuondoa alama za mionzi kabla mfuko haujatoka. Wanaookota dampo wakizizoea alama hizo kwenye mifuko isiyo na kitu, siku watakapokutana na chanzo halisi hawatashtuka.

Mkojo wa wagonjwa waliolazwa kwa dozi kubwa huenda kwenye matangi ya kusubirishia. Huwa mawili au zaidi: moja linajazwa wakati jingine limefungwa linaoza.

11. Nimetibiwa kwa iodini na ninarudi nyumbani. Taka zangu ni hatari kwa familia?

Fuata maelekezo uliyopewa hospitali, maana yanategemea dozi yako. Kwa kawaida yanahusu kulala peke yako siku kadhaa, kukaa mbali na watoto wadogo na wajawazito, kunywa maji mengi, kukojoa umekaa, kumwaga maji ya kutosha na kuosha mikono. Nguo na vyombo vyako vioshwe peke yake. Kama nyumbani ni chumba kimoja cha familia nzima, au choo ni cha shimo cha kuchangia, waeleze kabla hawajakuruhusu. Ni habari wanayoihitaji ili kuamua ukae wodini muda gani, na hupaswi kuona haya kuisema.

12. Kwa nini msizichome tu?

Moto haupunguzi mionzi hata chembe. Unaihamisha kutoka kwenye mfuko kwenda kwenye moshi na majivu. Nchi zenye tanuru maalumu zenye vichujio huchoma baadhi ya taka ili kupunguza ujazo, kisha majivu yanabaki kuwa taka ya mionzi. Shimo la kuchomea la hospitali ya wilaya si tanuru hilo.

## Vyanzo vilivyofungwa

13. Chanzo chetu "kimeisha nguvu". Tufanyeje?

Kwanza futa hilo neno. Chanzo cha kobalti cha tiba kikipoteza robo tatu ya nguvu zake baada ya miaka kumi na nusu hakifai tena kwa mgonjwa, kwa sababu matibabu yanachukua muda mrefu mno, lakini bado kinaweza kuua mtu anayekaa nacho chumba kimoja bila kinga. Kimeisha kazi, hakijaisha nguvu.

Kiache ndani ya kinga yake, funga mlango, usikifungue, na usikihamishe kwenda stoo ya nje "kwa muda". Toa taarifa kwa Tume kwa maandishi. Tafuta cheti cha chanzo na mkataba wa ununuzi. Kuna njia mbili halali: kukirudisha kwa mtengenezaji, au kukipeleka kituo cha taifa cha taka za mionzi kilichopo Arusha. Kukizika nyuma ya karakana si njia ya tatu, ni kosa la jinai, na atakayelipia ni mtoto atakayechimba msingi wa nyumba hapo.

14. Kwa nini mnasisitiza kukirudisha kwa mtengenezaji?

Kwa sababu yeye anaweza kukitumia tena na ana vyumba vya kukifungulia. Sisi tunaweza kukihifadhi tu.

Ombi langu kwa maafisa ununuzi wote: usisaini kununua chanzo kabla hujajua kitaondokaje. Weka kipengele cha kurudisha kwenye mkataba, andika nani analipa usafiri, na tenga fedha hiyo siku ya kununua. Gharama ya kurudisha chanzo chenye nguvu kubwa inaweza kushtua, hasa kwa kuwa chombo chake cha kusafirishia hukodishwa na njia za meli zinazokubali mizigo hii ni chache. Zawadi ya mashine kuukuu ya kobalti kutoka ng'ambo nayo ipimwe kwa swali hilohilo. Anayetoa zawadi huenda ndiye aliyekuwa anatafuta pa kuondolea taka yake.

15. Kikifika Arusha kinafanywa nini?

Kinapimwa, kinatambuliwa, kinaingizwa kwenye rejista na kuwekwa stoo kulingana na kiini na nguvu. Vyanzo vidogo hufungashwa kwa utaratibu maalumu: kapsuli inawekwa ndani ya kapsuli nyingine ya chuma cha pua inayochomelewa, hiyo inaingia kwenye kinga ya risasi, na vyote ndani ya pipa la lita 200 lenye zege. Kwa radiamu kuchomelea huko ni lazima, maana radiamu hutoa gesi ya radoni, na kapsuli za zamani hupasuka kwa mgandamizo.

Vyanzo vya nguvu kubwa havishikwi hivyo. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kutumia chumba cha kazi kinachohamishika, kilichobuniwa na wataalamu wa Afrika Kusini wakishirikiana na IAEA. Kuta zake ni nene za mchanga, na fundi hufanya kazi kutoka nje kwa mikono ya mitambo huku akitazama kupitia dirisha lenye kinga. Kikimaliza, kinabomolewa na kupelekwa nchi nyingine. Najivunia kwamba ni ubunifu wa bara hili.

16. Na mwisho kabisa zinakwenda wapi?

Hili ndilo swali lenyewe. Stoo ni mahali unapokusudia kutoa kitu baadaye. Kuzika ni mahali usipokusudia kurudi. Tulichonacho ni stoo. Kwa kobalti inatosha, maana baada ya nusu karne inabaki takriban sehemu moja kati ya 700. Kwa amerisiamu na radiamu haitoshi.

Afrika Kusini huzika taka zake za kiwango cha chini Vaalputs, Northern Cape, tangu 1986, kwenye eneo kame lenye mvua kidogo. Kwa nchi zenye taka chache kama zetu, wazo linalovutia zaidi ni shimo jembamba lililochimbwa kwa mashine ya visima, lenye kina cha makumi ya mita au zaidi, ambamo vyanzo vilivyofungashwa hushushwa na kuzibwa kwa saruji. Wazo hilo nalo lilianzia Afrika Kusini, na Ghana ni mojawapo ya nchi zilizolifanyia kazi kwa miaka. Shimo lenyewe si gumu. Kigumu ni kuchagua eneo ambalo maji ya ardhini hayatalifikia, na kukubaliana na wananchi wanaoishi hapo kwa uwazi, si kwa kuwashtukiza na mabango.

17. Chanzo kinasafirishwaje barabarani?

Kwa kibali, ndani ya chombo kilichojaribiwa, na kwa lebo. Lebo nyeupe yenye namba I inaruhusu hadi milisiveti 0.005 kwa saa kwenye uso wa kifurushi. Ya njano yenye II hadi 0.5, ya njano yenye III hadi 2. Dereva hubeba karatasi na namba za kupiga, hapakii abiria, na halali gesti huku gari likiwa barabarani.

Mambo madogo ndiyo huponza. Januari 2023, Australia Magharibi, kapsuli ya sesiamu-137 yenye urefu wa milimita 8 ilidondoka kutoka kwenye lori katika safari ya kilomita 1,400 baada ya kifaa kulegea njiani. Ilipatikana pembeni mwa barabara tarehe 1 Februari. Tangu hapo sijawahi kuona fundi akikaza skrubu za kisanduku nikamharakisha.

## Hali zisizo za kawaida

18. Ninanunua vyuma chakavu. Nitajuaje nimeletewa chanzo?

Angalia chombo kidogo lakini kizito kupita kiasi: huenda ni risasi, au urani hafifu inayotumika kama kinga. Angalia alama ya majani matatu, hata kama rangi imechujuka. Vyanzo vyenye nguvu vina pia alama mpya iliyozinduliwa 2007: pembetatu nyekundu yenye miale, fuvu la kichwa na mtu anayekimbia. Ukiona hivyo, usikate, usigonge, usikibebe. Ondoa watu, weka kizuizi, zuia waliokishika wasiende kula wala kutawanyika, kisha ita polisi na ofisi ya kanda ya Tume. Hutaadhibiwa kwa kutoa taarifa ya kitu ulicholetewa bila kujua.

Goiânia, Brazili, 1987, kichwa cha mashine ya tiba kilichoachwa kwenye kliniki iliyohama kilichukuliwa na waokota vyuma. Ndani mlikuwa na gramu 93 za unga wa sesiamu uliong'aa samawati gizani. Watu waligawana kama zawadi. Watu 4 walikufa, akiwemo mtoto wa kike wa miaka 6; zaidi ya 112,000 walipimwa, 249 walikutwa wamechafuliwa, na usafishaji ulizalisha taka za ujazo wa karibu mita 3,500 za ujazo. Gramu 93. Kila ninapoingia kwenye jengo la hospitali lililofungwa ninawafikiria.

19. Kampuni imefilisika na kisanduku kimebaki kwenye jengo tulilonunua. Nani anawajibika?

Kisheria anatafutwa kwanza mwenye leseni wa mwisho. Kiusalama hatusubiri apatikane. Toa taarifa leo. Chanzo kikishindikana kupata mwenyewe kinahesabiwa yatima na kuchukuliwa chini ya uangalizi wa mdhibiti, na suala la gharama linafuata. Unaponunua kiwanda, gereji au kliniki ya zamani, omba orodha ya vyanzo kama unavyoomba hati ya kiwanja.

20. Vitambua moshi na fimbo za radi?

Baadhi ya vitambua moshi vina amerisiamu kidogo mno, kama bekereli 37,000. Kimoja ukutani hakina madhara. Mia moja zilizong'olewa hotelini na kurundikwa kwenye ndoo ni suala la kuripoti. Usizifungue. Fimbo za radi za zamani zinaweza kuwa na amerisiamu au radiamu yenye nguvu zaidi, na fundi wa paa hajui. Uliza kabla ya kubomoa.

21. Minjingu, Mrima na urani ya Namtumbo: nazo ni taka za mionzi?

Mwamba ulio mahali pake si taka. Kilima cha Mrima huko Kwale, Kenya, kina thoriamu nyingi, na fosfeti ya Minjingu ina urani zaidi ya udongo wa kawaida. Hiyo ni asili. Suala huanza pale binadamu anapochimba, kusaga na kukusanya. Kipimo kinachotumika kimataifa ni bekereli 1 kwa gramu kwa viini vya familia za urani na thoriamu. Juu ya hapo mdhibiti anaangalia.

Kwa mradi wa urani wa Mto Mkuju, Namtumbo, kitu cha kuulizia ni mabaki ya kusafishia mawe. Ukishatoa urani, takriban asilimia 85 ya mionzi iliyokuwa kwenye jiwe inabaki kwenye tope, kwa sababu thoriamu-230 na radiamu-226 hazikuondoka. Thoriamu hiyo ina nusu-maisha ya miaka 75,000. Mwananchi anayehudhuria mkutano wa mradi aulize tope litakaa wapi, sakafu ya bwawa imezuiwa na nini, nani atapima visima mgodi ukifungwa, na fedha ya kazi hiyo imewekwa wapi tangu sasa.

22. Nchi tajiri zinaweza kuleta taka zao kwetu?

Mkataba wa Bamako wa 1991 unakataza kuingiza taka hatarishi Afrika, zikiwemo za mionzi, na Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kutumika 2009, unakataza kutupa taka za mionzi katika ukanda wa Afrika. Anayekuja na ofa ya fedha ili "ahifadhi" taka zake hapa anaomba kuvunja sheria. Njia ya kificho ni kifaa kuukuu kinachoitwa msaada. Soma swali la 14.

23. Kengele ya mionzi imelia nikipita mpakani, na sibebi chochote. Nini kimetokea?

Huenda ni wewe. Aliyepewa iodini au dawa ya kupigia picha anaweza kuwasha kengele kwa siku au wiki kadhaa. Omba hospitali barua inayotaja kiini, dozi na tarehe ya kupewa, na utembee nayo. Mzigo wa mbolea, vigae au ndizi nao huweza kuiamsha kwa potasiamu na viini vingine vya asili. Mkaguzi atapima tena kwa kifaa kinachotambua kiini. Mpe nafasi, simama alipokuonyesha, na mtaje dereva mwenzako kama naye alitoka hospitali.